Kissa alitoka mbele peke yake kule Tokyo, timu ilikuwa wapi?

Nianze na matokeo halafu turudi nyuma, manake wengi wanakumbuka medali tu, mbio zenyewe wameshazisahau. Tarehe 30 Julai 2021, Olimpiki ya Tokyo, fainali ya mita 10,000 wanaume, raundi 25. Selemon Barega wa Ethiopia dhahabu kwa 27:43.22, Joshua Cheptegei wetu wa Uganda fedha kwa 27:43.63, Jacob Kiplimo wetu shaba kwa 27:43.88. Kutoka wa kwanza hadi wa tatu sekunde moja haikutimia, ni 0.66. Na kwenye karatasi hiyohiyo ya matokeo, kule chini kabisa, yupo mtu wetu wa tatu ambaye pembeni ya jina lake hakuna muda wowote, imeandikwa tu kwamba hakumaliza. Huyo ni Stephen Kissa, na ndiye ninayetaka tumwongelee leo, kwa sababu naona watu wanamtaja kila wakitaka mfano wa kujitolea kwa ajili ya timu lakini hakuna anayesimama kuuliza ile timu ilifanya nini.

Uganda siku hizo tulikuwa bado ndani ya ile lockdown ya siku 42, magari ya abiria yamesimama, vibanda vya mpira vimefungwa, kwa hiyo watu waliangalia nyumbani ama kwa simu ya jirani, ilikuwa Ijumaa saa nane na nusu mchana kwa saa zetu. Bastola ikalia, haukupita muda Kissa akatoka mbele. Si kutoka kidogo, alitoka kabisa, nafasi ikafunguka kati yake na kundi, mita zikaongezeka kila raundi, na kundi kule nyuma limetulia kama hakuna kilichotokea. Watangazaji wanashangaa, na sisi nyumbani tunapiga kelele tukidhani kijana ameamua kuiba mbio. Kumbe siyo. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba ulikuwa mpango wa timu, yeye atangulie ili mbio ziwe za kasi, akitegemea wenzake watakuja naye, na alipogeuka kuangalia hakuwaona. Kundi likaja likamfikia, likampita, na kabla mbio hazijaisha akatoka nje ya njia.

Sasa ili uelewe kwa nini mpango wa aina hiyo ulikuwepo lazima ujue kitu kimoja kuhusu mbio ndefu. Rekodi ya dunia ya mita 10,000 Cheptegei aliiweka Valencia tarehe 7 Oktoba 2020, dakika 26:11.00, na siku ile alikuwa na waweka kasi, wale tunaowaita sungura, wanaolipwa wakimbie mbele kilomita kadhaa halafu watoke, na pia kulikuwa na taa pembeni ya njia zinazokwenda na kasi ya rekodi. Olimpiki haina hayo. Hakuna sungura, hakuna taa, kila nchi inaruhusiwa watu watatu tu basi, na kila mtu anamwogopa mwenzake. Matokeo yake mara nyingi kundi linatembea polepole raundi nyingi halafu raundi ya mwisho inakuwa vita ya miguu, na Barega ni mtu wa vita hiyo, ukimfikisha kengele ya mwisho akiwa bado na pumzi umeisha. Ongeza na joto la Tokyo mwezi wa saba, hakuna aliyetaka kubeba mbio begani. Ndio maana mshindi alitumia zaidi ya dakika moja na nusu kuliko rekodi ya Cheptegei.

Kwa hiyo wazo lenyewe lilikuwa zuri, hilo nalisema wazi. Una mtu mwenye rekodi ya dunia, una kijana wa miaka 20 anayeitwa Kiplimo ambaye miezi michache nyuma amekuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni kule Gdynia, na una mtu wa tatu ambaye ni mkimbiaji mkubwa lakini ukiwapanga watatu hao yeye ndiye wa tatu. Mtu wa tatu anakubali kuwa sungura. Anakubali kwamba atafika Olimpiki, kitu ambacho watu wanakililia maisha yao yote, halafu atakitoa. Hapo ndipo kila mtu anapopiga makofi na kusema ona unyenyekevu.

Mimi napiga makofi pia, lakini nataka tuendelee mbele ya makofi.

Jiulize kundi lilikuwa linamwangalia nani. Halikuwa linamwangalia Kissa hata kidogo. Waethiopia na Wakenya na wengine wote macho yao yalikuwa kwa Cheptegei, kwa sababu wanajua hatari ni huyo, akitulia wanatulia, akisogea wanasogea. Yaani Kissa hata angekuwa na nusu raundi mbele yao wangemwacha, wanajua atarudi. Kasi ya mtu mmoja aliye mbele peke yake si kasi ya mbio, ni kasi yake yeye. Ili ile kazi yake iingie kwenye mbio, ilibidi Cheptegei ama Kiplimo ainuke amfuate, avute uzi, hapo ndipo kundi zima lingelazimika kuamka. Na hawakuinuka. Inawezekana walikuwa na sababu nzuri tu, kwa sababu ukiinuka unawabeba Waethiopia watatu mgongoni kwenye joto lile, na ukikosea hesabu unapoteza hata hiyo fedha na shaba. Siwalaumu kwa uamuzi wa pale njiani, wao ndio waliokuwa na moto miguuni. Ninachosema ni kwamba mpango ulikuwa na sehemu mbili, mmoja kutangulia na wengine kufuata, na sehemu moja tu ndiyo ilifanyika. Wa chini alitimiza yake.

Hapa ndipo naona tunakosea tunapofundisha habari ya unyenyekevu kazini, kanisani, kwenye vikundi, kila mahali. Tunamfundisha mdogo. Tunamwambia jishushe, kubali kazi isiyoonekana, fanya kwa ajili ya wenzako. Sawa. Lakini unyenyekevu mgumu kabisa ni wa yule mkubwa, mwenye jina, mwenye rekodi, anapotakiwa kukaa nyuma ya mgongo wa mtu aliye chini yake na kumwamini kwamba kasi anayoweka ndiyo sawa. Kufuata ni kazi, na mkubwa akishindwa kufuata, kujitoa kwa mdogo kunabaki hewani. Halafu ubaya ni kwamba watu wakiona hivyo wanamsifu yule mdogo zaidi, wanasema ana moyo, na zile sifa zinafunika swali.

Nitoe mfano wa huku kwetu upande wa Sironko, mashariki mwa Uganda, ambako tunalima kahawa ya arabika, na wakulima wa Mlima Elgon watanielewa haraka. Kahawa mbivu ikishachumwa inatakiwa imenywe maganda siku hiyohiyo, ikilala inaanza kuchacha na ladha inaharibika, bei nayo inashuka. Kikundi kinatumia mashine moja ya kumenyea kwa zamu na vikundi vingine. Sasa msimu mmoja kijana mmoja wa kikundi alijitolea aende asubuhi na mapema ashike zamu, achote maji mtoni, aoshe tenki, ili mchana wenzake wakifika na magunia kazi iende moja kwa moja. Alifanya yote hayo, madumu yamepangwa pale, tenki inang'aa. Wale wenye miti mingi, wazee wenye sauti kwenye kikundi, wakaona bora wamalize kuchuma mistari yao kwanza, wakafika jua limeshazama. Zamu ilishapita, maji yametumiwa na kikundi kingine, kahawa ikalala kwenye magunia. Kwenye mkutano uliofuata mwenyekiti akamsifu kijana mbele ya watu wote, akamwita mfano wa kuigwa, watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini magunia yalichelewa. Msimu uliofuata walipotafuta mtu wa kutangulia, hakuna aliyeinua mkono, na sikumshangaa mtu.

Rudini sasa kwenye riadha, kwa sababu hawahawa watu wetu wameshawahi kuifanya vizuri kabisa. Machi 2019, Aarhus kule Denmark, mbio za nyika za dunia. Nyika ina kitu ambacho Olimpiki haina, hesabu ya timu. Nchi inaleta wakimbiaji, nafasi za wanne wa kwanza zinajumlishwa, mwenye jumla ndogo ndiye bingwa. Cheptegei alimaliza wa kwanza, Kiplimo wa pili, Thomas Ayeko wa saba, Joel Ayeko wa kumi. Jumlisha mwenyewe, ni 20. Ilikuwa mara ya kwanza Uganda kuchukua dhahabu ya timu ya wanaume wakubwa, tukiwaacha Kenya na Ethiopia ambao ndio wamezoea kugawana kile kikombe. Angalia vile nafasi ya kumi ilikuwa na kazi. Mtu wa kumi kwenye mbio nyingine yoyote hamjui mtu, anapanda ndege anarudi kimya, lakini Aarhus kila mtu aliyempita pale mwishoni ilikuwa pointi ya timu, na dhahabu aliyovaa ni ileile ya Cheptegei. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumhubiria unyenyekevu na ushirikiano, utaratibu wenyewe umeshamwambia kwamba jasho lake limehesabiwa.

Na Cheptegei mwenyewe anajua maumivu ya kuwa mbele peke yako, labda kuliko mtu yeyote. Waliokuwa Kololo, Kampala, Machi 2017 hawajasahau, mbio za nyika za dunia nyumbani kabisa, uwanja umejaa, yeye anaongoza, watu wameshaanza kuimba, halafu ndani ya kilomita ya mwisho mwili ukazima. Akawa anatembea kama mtu aliyelewa, wakampita mmoja mmoja, akamaliza wa 30. Miaka miwili baadaye Aarhus hakuwa peke yake tena, Kiplimo alikuwa pale pale nyuma yake. Ukiniuliza tofauti kubwa kati ya Kololo na Aarhus nitakwambia mazoezi ndiyo, umri ndiyo, lakini pia kulikuwa na mtu wa nyumbani anayemsukuma.

Kuna jambo lingine linalofanya Tokyo iwe ngumu na watu hawalitaji. Cheptegei na Kiplimo wote ni wa Sebei, mmoja Kapchorwa mwingine Bukwo, miteremko ileile ya Elgon, lakini hawafanyi mazoezi chini ya kocha mmoja. Cheptegei analelewa na Mholanzi Addy Ruiter, Kiplimo na Mwitaliano Iacopo Brasi, mameneja tofauti, kambi tofauti, mwaka mzima wanakutana kwenye mashindano kama wapinzani. Halafu Olimpiki inafika wanavaa jezi moja na mnataka waelewane kwa jicho tu katikati ya mbio. Ushirikiano hauji hivyo. Wale mnaokimbia asubuhi na kikundi mnajua, ukiwa nyuma ya mtu yuleyule siku nyingi unajua akishusha bega la kushoto anataka kutoka, ukisikia pumzi yake unajua bado anazo ngapi, unaangalia visigino tu na unamwachia yeye upepo na mawazo. Hiyo inajengwa kwenye barabara ya vumbi, haijengwi kwenye kikao cha hoteli usiku wa kuamkia fainali. Kazini ni hivohivo, mnaokota watu kutoka idara tatu mnawaambia nyinyi sasa ni timu, ripoti inatakiwa Ijumaa, na mtu wa kwanza akijituma wenzake wanamwangalia tu kwa sababu hawamjui.

Kuna watakaosema mbona tulipata medali mbili, tatizo liko wapi? Kweli, na si kitu kidogo, nchi mbili tu zilipanda jukwaani siku ile na sisi tulikuwa na watu wawili kati ya watatu. Wiki moja baadaye, tarehe 6 Agosti, Cheptegei akachukua dhahabu ya mita 5,000 kwa 12:58.15, na katikati ya hapo Peruth Chemutai alishachukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Uganda ikarudi na medali nne, Olimpiki bora kuliko zote tulizowahi kwenda. Nafurahi kabisa. Lakini kupata matokeo mazuri hakuthibitishi kwamba mpango ulifanya kazi, na mimi sitaki kumpa Kissa sifa ya uongo kwamba medali zile ni zake, kwa sababu mbio ziliishia kulekule ambako mpango ulitaka zisifike, raundi ya mwisho, na Barega akafanya alichojulikana kufanya. Heshima ya kweli kwa mtu aliyejitoa ni kusema ukweli kuhusu kilichotokea na kazi yake.

Miaka mitatu baadaye Paris ikatuonyesha jinsi ile kazi inavyofanywa na watu wengi badala ya mmoja. Tarehe 2 Agosti 2024, fainali ileile, na safari hii ni Waethiopia waliokuja na mpango wa kasi. Berihu Aregawi, Yomif Kejelcha na Barega walipokezana mbele, mmoja anavuta, akichoka anarudi ndani ya kundi mwingine anashika, hakuna aliyeachwa peke yake, hakuna aliyechomwa. Mbio zikawa kali mpaka rekodi ya Olimpiki ya Kenenisa Bekele ya mwaka 2008, 27:01.17, wakaipita watu 13. Aliyeshinda lakini ni Cheptegei, 26:43.14, alikaa kwenye kundi akingoja kwa subira kubwa, Aregawi akawa wa pili. Kwa hiyo msinisome vibaya, sisemi ushirikiano unaleta dhahabu kila mara. Waethiopia walishirikiana vizuri kuliko sisi Tokyo na bado walishindwa. Lakini watatu wote walimaliza, hakuna aliyetolewa kafara, na nina hakika wakikaa chini kupanga mbio nyingine hakuna atakayekataa kushika zamu yake mbele.

Kissa naye hakufia Tokyo. Aprili 2022 alikwenda Hamburg kukimbia marathoni yake ya kwanza maishani, akamaliza wa pili kwa 2:04:48, sekunde moja tu nyuma ya Mkenya Cyprian Kotut, ikawa rekodi ya taifa ya Uganda. Mtu ambaye wengi walimjua kama yule aliyetoka nje ya njia. Nilifurahi siku ile kama nimekimbia mimi.

Sasa nimalizie na pesa, kwa sababu hapa ndipo nchi inaonyesha inathamini nini. Serikali yetu ina utaratibu wa kuwalipa wenye medali kila mwezi, dhahabu shilingi milioni 5, fedha milioni 3, shaba milioni 1. Ni jambo zuri sana kwa wanariadha ambao wengine walikuwa wanazeeka kwa shida, wala sitaki hata shilingi iguswe. Lakini utaratibu huo hauna mstari wa mtu aliyetumwa na timu atangulie. Ukiwa na mkataba unaolipa medali peke yake halafu unamwomba mtu mmoja aitoe nafasi yake, unamwomba akubali hasara kwa maneno mazuri. Kwenye baiskeli walishaona hili zamani, bingwa wa Tour de France kwa desturi anawagawia wenzake zawadi ya pesa kwa sababu anajua nani alikata upepo milimani. Kwenye riadha hapa kwetu shirikisho na Baraza la Taifa la Michezo wanaweza kuliandika jambo hili kabla timu haijapanda ndege kwenda Los Angeles 2028, karatasi moja tu, kocha wa taifa akimpa mwanariadha kazi ya kuweka kasi kwenye fainali na akaifanya, analipwa sehemu ya kile watakachopata wenzake, na wale wenzake wanatia sahihi kwenye karatasi hiyohiyo kwamba akitoka mbele nani atamfuata na kuanzia raundi ya ngapi.